Umekamatwa kwa wizi wa feloni (kosa kubwa la jinai) Marekani? Anza na mdomo wako

Wapo wengi wanaojifunga na maelezo yao wenyewe. Kwa hiyo polisi wakishakubeba usijieleze, na usikae tu kimya kama umenuna, tamka kabisa kwamba unatumia haki ya kunyamaza na unataka wakili, maana tangu 2010 Mahakama ya Juu ilishasema ukinyamaza bila kutamka wanaweza kuendelea kukuhoji mpaka uropoke. Na simu za jela zinarekodiwa, usimsimulie mkeo kesi humo.

Hela huna? Omba wakili wa kupewa na mahakama, hiyo ni haki kwenye feloni tangu 1963. Usimchanganye na wakili wa serikali, yule ndo anakushtaki! Siku ya kwanza kortini kawaida unasema sina hatia hata kama moyoni unajijua, kukiri kupo tu baadaye wakili akishaona faili.

Sasa hapa ndo penye nyama. Wizi unageuka feloni mara nyingi kwa sababu ya thamani ya mali, na kila jimbo lina kiwango chake, Texas ni dola 2,500 kwenda juu, California ni zaidi ya dola 950. Laptopu iliyotumika miaka minne mwenye mali ataiandikia bei ya dukani ya mpya, wakati kinachohesabika kawaida ni bei ambayo ingeuzika siku ile, kwa hiyo muulize wakili wako nani kapiga hiyo hesabu na kwa risiti gani. Ikishuka chini ya kiwango inaweza kuwa kosa dogo. Pia lazima wathibitishe ulikusudia kuiba, kama uliamini kweli ni mali yako au ulipewa ruhusa, meseji zinazoonyesha hivyo zitunze. Usifute hata moja, hata zile za aibu, kufuta ushahidi ni kesi nyingine.

Mwenye mali aliyekushtaki usimpigie, hata kuomba msamaha, mwachie wakili.

Kama wewe si raia mwambie wakili mapema sana, kabla hujakubali dili lolote la kukiri kosa, ni wajibu wake kukwambia kama unaweza kurudishwa kwenu. Wizi wenye kifungo cha kuanzia mwaka mmoja, hata kiwe cha nje, uhamiaji wanauhesabu kosa zito mno, ndo maana mawakili wanakomaa wapate siku 364.