Kuiondoa programu ya madokezo na kuirudisha, hesabu za zabibu zikiwa salama

Ukipokea zabibu Mpunguzi au Hombolo, huku Dodoma, simu ndiyo daftari: jina la mkulima, kreti, kilo, na advansi aliyokwisha kuchukua. Mimi naandika kwenye Google Keep, programu ya madokezo ya Google. Programu ya namna hii ikianza kuganda, kila mtu kijiweni atakwambia, "Ifute, uishushe upya." Sawa, ila usikimbilie huko.

Anza na lililo dogo. Ingia Mipangilio, Programu, chagua yenyewe, kisha Hifadhi, ubonyeze "Futa akiba". Hiyo haigusi maandishi. Jirani yake, "Futa data", iache kabisa: inafagia kilichomo kwenye simu sawasawa na kuiondoa programu. Zima simu, washa. Ikikaa sawa, hapo umemaliza.

Ikigoma, jiulize: nilichoandika mwisho kimeshafika kwenye seva, yaani kompyuta za Google zinazotunza nakala mtandaoni? Kule shambani mtandao ukikatika, kilo ulizopima asubuhi zinabaki ndani ya simu tu, na programu ikiondoka zinaondoka nayo. Tafuta penye mtandao wa uhakika, washa data, fungua programu, vuta skrini kwenda chini, usubiri. Halafu usiiulize simu hiyo hiyo kama kazi imekwisha. Azima simu ya mwenzio, fungua keep.google.com kwenye kivinjari kwa hali fiche (incognito, isiyokumbuka akaunti yako ukiifunga), ingia na akaunti yako, utafute dokezo la leo. Kichwa chake hakitoshi, soma tarakimu. Kama kwako kreti ya mwisho ni kilo 23 na kule orodha inaishia kreti ya kabla yake, bado hujasawazisha, yaani ya simu na ya seva hayajalingana. Fungua na picha za mzani, maana picha ni nzito na huchelewa kupanda.

Ukiwa hapo hapo, hakikisha ni akaunti gani. Wengi tuna mbili, moja tuliyofunguliwa na fundi siku ya kununua simu. Iandike kwenye karatasi. Kama namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini uliyokwisha kuitupa, badilisha namba sasa, kabla hujaondoa chochote.

Kuna wanaofuta madokezo moja moja kwanza, eti wanasafisha. Jamani, msifanye hivyo! Kufuta nako kunasawazishwa: ukifuta hapa, kunafutika kote. Keep hukuwekea kwenye Tupio siku 7 tu. Kuiondoa programu ni jambo jingine, seva haiguswi.

Mnaotumia Joplin, programu nyingine ya madokezo, mkirudisha mtapanga upya mahali pa kusawazishia, na kama mliwasha usimbaji (kufunga maandishi kwa siri), nenosiri lake litatakiwa. Kwenye Standard Notes, nayo ya madokezo, ukisahau nenosiri, hata wenye programu hawawezi kukufungulia madokezo.

Kabla ya kuondoa, mimi hupitia takeout.google.com, ukurasa wa Google wa kupakua data zako, nikapakua nakala ya Keep nzima. Ni kujisumbua, lakini msimu ukiwa katikati na wakulima wanadai, naona afadhali huo usumbufu.

Sasa ondoa, shusha upya kutoka Play Store, ingia na akaunti ile ya kwenye karatasi, uache programu wazi mpaka madokezo ya zamani yateremke. Ukikuta patupu, angalia akaunti kwanza. Na ile simu ya kuazima, funga madirisha yote ya hali fiche kabla hujairudisha kwa mwenyewe.