Paa kwanza, ukuta baadaye: nyumba ya vyumba viwili ya gharama nafuu, Pemba

Pesa ikiwa ndogo, itie kwenye msingi na kwenye paa. Ukuta utatoka shambani. Hivyo ndivyo ninavyowajengea watu huku kaskazini ya Pemba, na wengi wanaonifuata huwa wameshafanya kinyume chake: matofali ya saruji yamefika usawa wa madirisha, pesa imekatika, na masika mawili yamepita ukuta uko wazi, majani yameota ukumbini.

Nyumba ninayoieleza ni ya futi 20 kwa 24. Vyumba viwili, ukumbi, na baraza mbele. Jiko na choo viko uani.

Hatua ya 1: Kiwanja

Ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali, sisi tuna haki ya kuitumia. Miti iliyo juu yake huwa na mwenyewe, na si lazima awe ni wewe. Mnazi mmoja wa ami yako katikati ya kiwanja unaweza kukusimamishia kazi zaidi kuliko kukosa saruji. Mwite sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa mtaa wenu, waite majirani wa pande zote, muandikishane mipaka, na miti nayo iandikwe. Ulizia na kibali cha ujenzi kabla hujashika jembe.

Hatua ya 2: Wakati

Anza masika yakiisha, mwezi wa Juni. Bati liwe juu kabla ya vuli ya Oktoba. Na karafuu zikiwiva usitegemee vibarua, wote wako juu ya mikarafuu.

Hatua ya 3: Kamba na nguzo

Piga kamba pande nne, kisha pima kona kwa kona. Kwa futi 20 kwa 24, kila mshazari utoke futi 31 na inchi 3. Ikiwa mmoja umezidi, nyumba imepinda, na utakuja kuujua upindaji huo siku ya kupiga bati.

Nguzo tunatumia mvinje. Boriti za mikoko ni ngumu zaidi, lakini mikoko inalindwa, usikate bila ya kibali cha misitu. Mvinje una adui mmoja: mchwa. Menya maganda yote, anika wiki tatu, kisha paka oili chafu ya gari kuanzia mguuni mpaka shubiri moja juu ya pale sakafu itakapofika. Rudia mara mbili. Chimbia futi 2, nguzo na nguzo ziachane futi 4, na kila moja uisimamishe kwa timazi (uzi wenye kizito chini), si kwa jicho. Kule Micheweni kwenye mawe utahitaji mtaimbo. Huku magharibi kwenye udongo mwekundu jembe linatosha, ila chimba zaidi, kwa sababu udongo ule ukilowa hulegea.

Hatua ya 4: Msingi

Baina ya nguzo jenga msingi wa mawe kwa mchanga na saruji, uinuke futi moja na nusu juu ya ardhi. Ndani jaza kifusi, shindilia kila inchi 6, mwagia maji, shindilia tena. Wenye haraka hujaza chote mara moja, na baada ya mwaka sakafu inabonyea katikati kama kitanda cha kamba.

Sasa mchanga. Kuchota mchanga wa pwani ni kosa, na hata kama hakuna anayekuona, chumvi inakuona. Nilipokuwa kijana nilimjengea dada yangu sakafu na lipu kwa mchanga wa ufukweni, tukiona tumeokoa gari mbili. Masika ya kwanza ukuta ukatoka unga mweupe. Ya pili, lipu ikabanduka vipande vipande kama ganda la muhogo. Dada hakunilaumu, lakini mpaka leo nikienda kwake huniweka nikae nikitazama ukuta ule. Mchanga unaoletewa, tia kidogo ulimini. Ukiwa na chumvi, urudishe. Kisha jaza nusu chupa, ongeza maji, tikisa, uache utuame usiku kucha. Tope likikaa nene juu ya mchanga, mchanga huo ni mchafu.

Hatua ya 5: Paa

Hapa usibane pesa. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na kwa upepo huu wa chumvi tofauti utaiona. Funga kila mti wa paa kwenye nguzo kwa waya uliosokotwa, msumari peke yake upepo wa kusi huung'oa. Anza kupiga bati upande ambao upepo unakwenda, umalizie upande unakotoka, ili maungio yasifumuliwe. Paa litokeze nje futi 2 na nusu kila upande. Watu hunambia nikate hiyo, bati zitapungua. Sikati. Ukuta wa udongo unaishi kwa kivuli hicho.

Huna pesa ya bati mwaka huu? Ezeka kwa makuti ya viungo, yale yaliyoshonwa kwenye kijiti, paa liwe na mteremko mkali zaidi. Ni baridi, tatizo ni kuezeka upya kila baada ya miaka michache.

Hatua ya 6: Kukandika

Chini ya paa, kazi hii haina presha. Funga fito ndani na nje ya nguzo, shubiri moja moja, katikati songa mawe madogo. Udongo ufukue, ulowanishe, uchanganye na majani makavu yaliyokatwakatwa, uukanyage, uulaze usiku mmoja. Asubuhi finyanga tonge na ulitupe ukutani kwa nguvu: likishika bila ya kuporomoka, liko tayari. Siku hiyo ita watu. Hawa maji, hawa udongo, na chai na muhogo viwepo mapema, maana watu wa bure hawakai na njaa.

Mkando wa kwanza utapasuka. Uache wiki mbili upasuke utakavyo, kisha ziba kwa mkando wa pili mwembamba.

Lipu usipige ya saruji. Saruji ni ngumu, udongo unatanuka na kunywea, basi huachana, maji yakapenya katikati na ukuta ukaozea ndani huku nje unang'ara. Piga chokaa: sehemu 1 kwa mchanga 3. Chokaa iroweke wiki kadhaa kwanza, na wakati wa kuizimua, yaani kuitia maji, kaa mbali, huchemka na ikiruka jichoni ni balaa. Mkando uwe mwembamba, uurashie maji siku kadhaa usikauke ghafla.

Hatua ya 7: Choo

Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko. Kwenye mawe ya matumbawe ongeza masafa, maana mawe yale yana nyufa na uchafu hupita kama maji kwenye chungio.

Mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha, toka nje na mwavuli uzunguke nyumba. Angalia maji ya bati yanapoangukia. Yakirukia ukutani, panga kokoto mstari mzima chini ya michirizi, siku hiyohiyo.