Usaili wa Nafasi ya Meneja wa Tawi la Benki: Mambo ya Kutarajia

Anayeitwa kwenye usaili wa nafasi ya meneja wa tawi la benki nchini Tanzania huwa amekwisha kupita mbele ya majopo kadhaa, na kwa sababu hiyo hujiandaa kwa maswali aliyoyazoea. Kwa nafasi ya ofisa, wasaili hupima kama unaijua kazi. Kwa nafasi ya meneja, ujuzi huo huhesabiwa kuwa tayari unao, na kinachotafutwa ni namna unavyofanya uamuzi ambao hautampendeza kila mtu.

Kwa kawaida ofisa rasilimali watu hupiga simu kwanza ili kuhakiki wasifu wako na kuuliza mshahara unaoutarajia, kisha hufuata jopo lenye wakuu wa idara. Kati ya hatua hizo huweza kupita wiki kadhaa, na ukimya huo haumaanishi kwamba umekataliwa.

Kabla ya siku yenyewe, soma taarifa ya fedha ya robo mwaka ambayo benki hutakiwa kuichapisha, na uangalie hasa uwiano wa mikopo chechefu, yaani sehemu ya mikopo yote ambayo hairejeshwi kwa wakati. Benki Kuu inataka uwiano huo usizidi asilimia 5, hivyo ukikuta umezidi, tarajia kuulizwa ungefanya nini. Nenda pia kwenye tawi lao mojawapo kama mteja, ukae kwenye foleni, uone mambo ambayo taarifa hiyo haiyasemi.

Sehemu inayowaangusha wengi ni zoezi la maandishi. Chukua mfano huu: unapewa karatasi ya takwimu za tawi la kubuni na nusu saa ya kuisoma. Amana zimepanda na mikopo mipya imeongezeka, lakini mikopo chechefu imetoka asilimia 4 hadi 9, na sehemu kubwa yake ilipitia mikononi mwa ofisa mmoja anayeongoza kwa mauzo. Wasailiwa wengi hukimbilia kusema kwamba watampa onyo. Jibu lenye uzito zaidi huanza na majalada: dhamana zilithaminiwa na nani, nani aliidhinisha, wadaiwa wakubwa wako wapi; wakati huo mikopo mipya ya ofisa huyo inapitiwa na mtu wa pili, na makao makuu yanaarifiwa mapema. Hapo jopo litauliza, “Na kama yeye ndiye anayeleta nusu ya wateja wapya?” Usitafute jibu la kumridhisha kila mmoja mezani, taja hasara ya uamuzi wako, kisha ueleze kwa nini uko tayari kuibeba.

Ukiulizwa ulichofanya huko ulikotoka, eleza hali ilivyokuwa, hatua uliyochukua na matokeo kwa tarakimu. Wengi wetu tumelelewa kutojisifu, kwa hiyo kila kitu “tulifanya”, na jopo linabaki halijui mchango wako ulikuwa upi. Sema “niliamua” pale ulipoamua wewe. Usitaje, hata hivyo, majina ya wateja wala siri za mwajiri wako, kwa maana anayezimwaga leo atazimwaga na za huku.

Usaili mwingi huendeshwa kwa Kiingereza, ila usishangae msaili akihamia Kiswahili ghafla ili asikie utakavyozungumza na mfanyabiashara wa Kariakoo.

Kuhusu mshahara, hakikisha mnazungumzia mshahara ghafi au unaobaki mkononi, kwa kuwa kodi hufikia asilimia 30 kwa kiasi kinachozidi shilingi 1,000,000 kwa mwezi, na mchango wa hifadhi ya jamii nao hukatwa. Uliza pia kama mkataba ni wa kudumu au wa muda maalumu, ambao sheria ya ajira ya mwaka 2004 inauruhusu kwa wataalamu na mameneja, na muda wa matazamio ni miezi mingapi. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla mkataba mpya haujasainiwa na pande zote mbili. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28, lakini mikataba ya mameneja mara nyingi hudai zaidi, hivyo soma wa kwako kabla ya kuliambia jopo tarehe utakayoanza.