Uzamivu wa biashara na teknolojia: anza na swali dogo

Wanafunzi wa uzamivu ninaowasimamia hapa Nairobi huja na mada pana mno: "Teknolojia na ukuaji wa biashara." Ipunguze. M-Pesa ilianza 2007, na leo mama mboga wa soko la Gikomba analipwa kwa simu. Uliza hivi: je, kumbukumbu za malipo hayo zinabadilisha namna anavyoagiza mzigo? Swali la aina hiyo lina mtu, mahali na kitendo, nawe unaweza kulijibu.

Nadharia je? Wengi hukimbilia modeli ya Fred Davis ya 1989, inayosema watu huikubali teknolojia wakiiona ina manufaa na ni rahisi kutumia. Ni nzuri, ila kwa mfanyabiashara aliyekwisha kuizoea simu zamani, naona haikufikishi mbali. Soma zaidi.

Msimamizi mchague kwa makala zake, si kwa cheo.

Data ndiyo huchelewesha watu, na hapa nakusihi usikilize. Kabla hujaandika sura ya mbinu, pata barua ya kampuni inayokuruhusu kutumia data yake. Ahadi ya mdomo hupotea meneja akihamishwa. Omba kibali cha maadili cha chuo, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), ndipo uingie uwanjani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu pia, kwa hiyo ondoa majina na namba za simu za wateja kabla ya kuanza uchanganuzi.