Jinsi ya kuangalia muvi za Ang Lee ukaiona China na Umagharibi vinavyokutana

Wengi wetu mwongozaji Ang Lee tumemjulia kwenye Crouching Tiger, Hidden Dragon ya 2000, tukaona mapanga na watu wanapaa juu ya mianzi, tukaiweka fungu moja na muvi za kung fu, basi ikaishia hapo. Nakuomba uanze kwingine kabisa, anza na wazee wa kwenye muvi zake na meza zao za chakula.

Kuna muvi tatu za mwanzo ambazo baba ndo kila kitu: Pushing Hands, The Wedding Banquet ya 1993 na Eat Drink Man Woman ya 1994, na baba kwenye zote tatu anaigizwa na mzee mmoja, Sihung Lung. Ziangalie kwa mpangilio huohuo. Na kabla hujaanza jua kitu kimoja, Lee kazaliwa Taiwan 1954, babake alikuwa mkuu wa shule, na yeye akafeli mtihani wa kuingia chuo kikuu mara mbili, hebu fikiria hiyo nyumba ilikuwaje. Baadaye akaenda kusoma Marekani, akamaliza, kazi hamna, akakaa nyumbani miaka kama 6 anapika na kulea watoto huku mkewe mwanasayansi ndo analisha familia. Kwa hiyo ukiona mtu anakatakata samaki kwenye muvi yake usidhani ni pambo tu, huyu jamaa jiko analijua.

Sasa unaangaliaje. Kwanza tafuta kopi yenye sauti zake za asili na maandishi chini, hizi za DJ anayetafsiri tunazipenda sana ila hapa zitakuibia utamu, maana nusu ya stori ni nani anaongea Kichina, nani anaongea Kiingereza na nani kanyamaza. Pushing Hands inaanza na mzee wa tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu, kutoka Beijing na mkwe wake Mmarekani, wako nyumba moja, yeye anafanya mazoezi mkwe anachapa kwenye kompyuta, dakika zinapita hakuna anayemwambia mwenzie neno kwa sababu lugha hawana. Angalia miili yao tu, nafasi wanazokaa, utaelewa kila kitu.

Pili, na hili kwangu ndo kubwa kuliko yote, usisubiri mtu aseme anachohisi. Kwenye The Wedding Banquet kijana wa Kitaiwani anaishi New York na mpenzi wake Simon, Mzungu mwanaume mwenzie, anafunga ndoa ya uongo ili wazazi waridhike. Watu wote wanahangaika kumficha mzee, baba wa kijana, ukweli huo. Halafu siku moja mzee anakaa na Simon nje, wawili tu, anamkabidhi bahasha nyekundu ya pesa, zile Wachina wanazompa mtu wa familia, na anamsemesha Kiingereza! Muda wote alikuwa anasikia na kuelewa. Anamuomba asimwambie yeyote. Rudisha nyuma hicho kipande uangalie tena, kumpokea Simon kama mwana ni jambo la Umagharibi kabisa, ila njia aliyotumia ni ya Kichina, bahasha, ukimya na heshima ya kila mtu imebaki palepale. Hapo Lee hajachanganya China na Umagharibi kwa kuweka taa nyekundu na dragoni ukutani, amechanganya ndani ya kifua cha mtu mmoja.

Ukishalizoea hilo jicho, hamia kwenye muvi zake za Wazungu. Sense and Sensibility ya 1995 ni Uingereza ya zamani, skripti kaandika Emma Thompson, dada wawili, mmoja anameza maumivu yake mwingine anamwaga yote hadharani. Halafu ndo urudi sasa Crouching Tiger uwatazame Yu Shu Lien, mpiganaji wa kike anayeficha penzi lake, na Jen, binti wa kitajiri anayekataa kupangiwa maisha, utashangaa, ni mgongano uleule wa wajibu na moyo! Hata muziki wa Tan Dun sikiliza vizuri, ni selo ya Yo-Yo Ma, chombo cha Ulaya, ndo inalia katikati ya jangwa la China. Brokeback Mountain ya 2005 nayo, iliyompa Oscar ya uongozaji, wachunga kondoo wawili huko Wyoming, Marekani, wanaume wanaopendana wasioweza kusema, mpaka mwisho kinachosema ni mashati mawili yamevalishwa moja ndani ya lingine.

Mwisho rudi The Wedding Banquet, uwanja wa ndege, mzee anakaguliwa na mlinzi, ananyanyua mikono juu taratibu. Iangalie mara mbili, mara ya kwanza kama mtu anayesalimu amri, mara ya pili mkumbuke yule mzee wa tai chi na mikono yake.