Kuimarisha Mateke ya Mtindo Huru: Vifundo Kwanza, Mapezi Baadaye

Wengi ninaowafundisha kuogelea katika ufukwe wa Raskazone, hapa Tanga, huja na swali moja: je, wanunue mapezi ya mpira, maana mikono inavuta vizuri lakini miguu inazama na kuwachelewesha? Huwaomba wasubiri kidogo. Mapezi yana manufaa makubwa kwa mtu ambaye teke lake tayari linaanzia nyongani. Kwa asiyefika hapo, huficha kosa na kulikomaza.

Hatua ya kwanza ni kutambua udhaifu uko wapi. Lala chali majini, nyoosha mikono kupita kichwa, kisha piga miguu huku ukiyatazama magoti yako. Goti likichomoza juu ya maji, unapiga miguu kama mwendesha baiskeli: paja linavutwa kuelekea tumboni, linayakinga maji, na kila teke linakupunguzia mwendo. Magoti yakibaki chini ya maji na bado husogei, au hata unarudi kinyumenyume, tatizo liko kwenye vifundo vya miguu. Huko kurudi nyuma huwashangaza watu, lakini huwatokea sana wakimbiaji na wachezaji wa mpira wa miguu, ambao vifundo vyao vimekaza. Wayo haunyooki, hubaki umesimama, na maji husukumwa upande usiotakiwa.

Hatua ya pili hufanyika nchi kavu, nami naithamini kuliko zote. Piga magoti juu ya mkeka, laza nyayo zote mbili ili vidole vielekee nyuma, kisha kalia visigino polepole. Anayeswali ataufahamu mkao huu kwa mguu wa kushoto, unaolazwa na kukaliwa baina ya sijida mbili. Asishangae basi mguu wa kulia ukiwa mgumu zaidi, kwa kuwa katika kikao hicho husimamishwa kwa vidole. Kaa sekunde 30, pumzika, rudia mara nne, na ufanye hivyo kila siku. Mvuto unatakiwa kusikika mbele ya kifundo. Ukisikia maumivu ya goti, weka mto kati ya makalio na visigino, na yakiendelea, acha. Vifundo hulegea kwa wiki nyingi, si kwa siku mbili tatu.

Hatua ya tatu ni teke lenyewe. Ukiwa na mwenzako karibu, simama wima katika maji yanayopita kimo chako, kunja mikono kifuani, na ubaki juu kwa nguvu ya miguu pekee kwa sekunde 20. Paja liongoze, goti lipinde kidogo tu, kifundo kilegee, na vidole gumba vya miguu vikaribiane kiasi cha kutaka kugusana. Ukijikuta unasogea mbele au nyuma, ujue teke la kwenda na la kurudi hayalingani nguvu. Kwa kawaida linalosahaulika ni la kurudi, ambalo hutegemea misuli ya makalio. Baada ya hapo lala kifudifudi, mikono imenyooshwa, uso ndani ya maji, upige miguu ukigeuza kichwa pembeni kuvuta pumzi. Ubao wa kuogelea siupendi sana kwa anayeanza, kwa sababu huinua kichwa na kifua, nayo nyonga huzama.

Kwa kuwa sisi tunajifunzia baharini, saa ya mazoezi ifuate maji. Chagua wakati yamejaa na kutulia, ukikumbuka kwamba huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo huwa mkali kuliko wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Ukipima maendeleo yako kati ya maboya mawili, ogelea kwenda na kurudi, la sivyo utausifia mguu kwa kazi iliyofanywa na mkondo.

Magoti yakishatulia chini ya maji, sasa vaa mapezi. Chagua mafupi na laini. Yale marefu ya wapiga mbizi hupunguza kasi ya miguu na kukilemea kifundo. Ukinunua ya mtumba, likunje pezi kwa mkono, kwani mpira uliokaushwa na jua huonyesha nyufa ndogo pale wayo unapoishia. Ogelea nayo kwa dakika moja ukiyasikiliza maji yanavyoupitia wayo, yavue, kisha piga miguu mitupu kwa dakika mbili kabla hisia hiyo haijapotea. Yasizidi robo ya muda wako wa mazoezi, hasa kwa wanaojiandaa kushindana, kwa sababu kanuni za mashindano ya bwawani haziyaruhusu. Kigimbi kikikaza, acha kupiga miguu, elea chali, shika vidole na uvivute kuelekea kwako mpaka msuli uachie.

Kiasi cha mateke kitategemea safari yako. Kwa mita 50 au 100, mateke sita kwa kila mzunguko wa mikono miwili yanafaa. Anayekusudia kuogelea masafa marefu kwenye ghuba apige mawili tu, kwa kuwa misuli ya mapaja hutumia oksijeni nyingi, na kazi kubwa ya miguu katika masafa hayo ni kuuweka mwili ulale sawa ili mikono ifanye kazi yake.