Briketi za maranda: usikate mti, nenda Ndeeba

Ukipita Ndeeba hapa Kampala utaona malundo ya maranda nyuma ya karakana za mbao, mengine yanaoza, mengine yanachomwa tu jioni moshi unatanda mtaa mzima. Hayo ndo malighafi yako, na mara nyingi unalipia gari tu. Ukienda kukata mti ndo utengeneze briketi, yaani makaa ya kufinyanga, basi huna tofauti na biashara ya makaa ya kule Acholi, kaskazini mwa Uganda, iliyopigwa marufuku 2023.

Kabla hujabeba uliza ni ya mbao gani. Ya nguzo za umeme zilizotiwa dawa, mbao za rangi, zile bodi za gundi, achana nayo, moshi wake ni sumu. Paini na kalitusi ziko poa. Anika yakauke kabisa.

Sasa kuchoma, hapa ndo wengi wanaharibu. Tafuta mapipa mawili, dogo liingie ndani ya kubwa, mafundi wa Katwe watakukatia. Dogo lijaze maranda yaliyochanganywa na vipande vya mbao, maana maranda matupu ukiyashindilia joto halifiki katikati, pembeni yanakuwa makaa ndani bado mabichi. Lifunike kabisa, ubakize matundu madogo ya chini. Washa moto kwenye ile nafasi kati ya mapipa. Joto likishapanda moshi unatokea kwenye matundu unaingia motoni unaungua, na faida yote iko hapo, sababu moshi huo una metheni, gesi ambayo kwa miaka 100 inapasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi, na tanuru la udongo linaiachia hewani hivihivi. Miali ya matundu ikizima, tayari. Pipa lipoe kwanza, ukiharakisha kufungua hewa inaingia unabaki na jivu.

Saga, chekecha, pika uji mzito wa muhogo: kilo 10 za unga wa makaa, nusu kilo mpaka kilo moja ya unga wa muhogo. Changanya, ukifinya ishikane bila kuchuruza maji. Mashine huna? Finyanga kwa mkono, au shindilia kwenye kipande cha bomba. Kuna wanaojaza udongo ili iwe nzito, haya, mteja akizoa jivu ndoo nzima atakutafuta.

Anika siku 3 hadi 5 za jua, mvua ikiwepo weka kichanjani chini ya nailoni.

Kwenye sigiri zinawaka vizuri, moshi kidogo tu, ila kaboni monoksaidi ipo palepale na haina harufu, kwa hiyo nyie wa Kabale na baridi yenu msiingize sigiri chumbani mkafunga mlango mkalala.